Sehemu ya Luhende

Mwanangu, kaa hapo juu ya spika, haiharibiki. Ipo siku moja ya mavuno ambayo kila nikiikumbuka mabega yananiuma, kama vile gitaa bado limening'inia. Siku hiyo tulishinda. Watu walitubeba juujuu, vumbi likatuingia mpaka kwenye meno, na jioni yake ugali ulinishinda kula.

Nakuita mwanangu ingawa sijazeeka kiasi hicho. Muziki wetu huu unazeesha shingo kabla ya kichwa, ndiyo maana unaniona nageuka mzima mzima kama fisi. Nimechoka kidogo, sikufichi. Lakini bado naota ndoto zangu, na ukileta gitaa nitakufungia nyaya bila kinyongo.

Tulikuwa watatu, hapa hapa Kalangalala. Mimi nilipiga gitaa. Shabani, ambaye baba yake aliuza vitambaa Kahama, alipiga besi na kuimba. Masanja alikuwa wa drams. Mchana alifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na nadhani ndiyo iliyompa mkono ule mzito. Roki hii nzito tuliipata kwa fundi umeme mmoja mgeni wa mgodini. Mkataba wake ulipoisha alimwachia shemeji yangu mfuko mzima wa sidii. Maneno yake hatukuyaelewa vizuri, Kiingereza chetu kilikuwa cha kuombea chumvi. Ila tulielewa kwamba wale wanamuziki hawakuwa na haraka. Wimbo mmoja unaweza kuinjika maharage yakaiva, nao bado unaendelea. Unaanza taratibu, mapigo yanakuwa saba badala ya manne uliyoyazoea, gitaa linalia, linanyamaza, halafu linarudi kama radi ya masika. Na albamu nzima ni safari moja. Tuliisikiliza kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila mtu kusema neno. Aliyebanwa na kikohozi alitoka nje akakimalizie huko.

Basi na sisi tukatunga yetu. Ilikuwa kazi moja ndefu yenye sehemu sita, juu ya mchimbaji anayeshuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, mpaka anapopanda tena na kukuta kumekucha. Sehemu ya nne ilikuwa ya Masanja. Alimtungia kaka yake, Luhende, ambaye duara lilimfukia. Wenzake walitolewa, yeye hakupatikana, na mwisho shimo likafungwa naye akiwa humo. Kwao walikaa matanga bila mwili. Mama yao wanamwita Mama Luhende mpaka leo. Jina la mtoto wa kwanza ukishapewa ni lako, hata mtoto asipokuwepo.

Sehemu hiyo ilianza na drams peke yake. Mapigo saba, kisha Masanja anangoja, kama mtu aliyeinamia mdomo wa shimo akisikiliza kama kuna anayegonga huko chini. Mapigo saba tena, anangoja. Halafu Shabani anaita jina, mara moja tu, na mimi ndipo naingia. Tulipoifanyia mazoezi, mwanangu, tulikuwa hatutazamani machoni.

Sasa, huku kwetu Usukumani unajua ngoma za mavuno ni mashindano. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, kila moja upande wake. Hakuna jaji wa kukaa kwenye kiti. Watazamaji wanaamua kwa miguu yao: wanakopendezwa wanahamia huko, na jua likizama, mwenye watu wengi ndiye mshindi. Mwaka huo, katika kijiji kimoja mbele ya mgodi wa Buzwagi, huko Kahama, kundi moja lilikwama njiani lisifike. Mtu mmoja akasema, wawekeni wale vijana wa nyaya. Ndivyo tulivyosimamishwa, sisi na jenereta letu, kukabiliana na Mzee Kulwa. Mzee Kulwa alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa wachezaji, na nyimbo zake watu walizijua tangu wamebebwa mgongoni.

Mama Luhende, ambaye kwake hapakuwa mbali na uwanja, alifika mapema, kwa miguu. Akatandika kitenge upande wetu, karibu kabisa na spika.

"Mayo," Masanja akamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama, "mbona na jua lote hili?"

"Si ulisema mtamtaja."

"Tutamtaja. Ila ni mbele huko, uvumilie kelele kwanza."

"Nimelea wanaume tupu, mwanangu. Kelele nazijua."

Tukaanza. Sehemu ya kwanza watu walitushangaa, na mshangao nao unavuta. Sehemu ya pili wakaanza kukuna vichwa. Kijana mmoja akapaza sauti, "Nyie, mnapiga muziki au mnatengeneza mashine?" Mwenzake akadakia, "Wakimaliza kuitengeneza watatuita." Wakacheka, wakavuka upande wa pili. Kule wachezaji wa Mzee Kulwa walikuwa wanarukaruka na njuga zao, ardhi inatikisika bila jenereta. Mpaka tunamaliza sehemu ya tatu, upande wetu kulikuwa na wachungaji wachache wa ng'ombe, na Mama Luhende.

Masanja akaanza yale mapigo saba. Akangoja. Shabani, badala ya kusogelea maiki, akaja sikioni kwangu. "Tunaaibika, kaka. Twende na ule wa redioni."

Ulikuwepo wimbo msimu huo, kila duka na kila basi la Kahama liliupiga. Hata watoto wa chekechea waliuimba. Shabani hakungoja jibu, akaupiga kwenye besi. Mimi nikamtazama Masanja, Masanja akamtazama mama yake, nami vidole vikamfuata Shabani. Kwa muda kidogo nyimbo mbili zikagongana uwanjani, mapigo yake saba na yetu manne. Kisha Masanja akainamisha kichwa, akatufuata.

Wakarudi mbio. Uwanja wote, mwanangu. Wengine waliacha kandambili zao upande wa pili. Tuliurudia wimbo ule mpaka jua likazama, maana kila tulipotaka kuuacha walipiga kelele tuendelee. Wakatubeba. Kutoka juu ya mabega ya watu nilimwona Mama Luhende bado amekaa pale pale, mikono mapajani. Alikuwa anasubiri.

Watu walipotawanyika, Mzee Kulwa akaja kwetu na jasho lake. Tukamwamkia, "Shikamoo." Akaitika, "Marahaba," akatupa mkono mmoja mmoja kama ilivyo desturi ya aliyeshindwa.

"Mmenishinda," akasema. "Wimbo ule ni wa nani?"

Shabani akajibu, "Ni wa redioni, mzee."

"Kumbe redio ndiyo imenishinda. Ninyi mlikuwa wapi?"

Shabani akainama kuchomoa nyaya. Mzee akageuka kumtazama Mama Luhende. "Mume wa huyu alicheza kwangu mpaka anakufa. Leo amekaa kwenu. Nikajua kuna jambo lake hapa. Nikasikia kijana anaanza kupiga, mapigo ya mtu anayeita, nikawaambia wachezaji wangu wapunguze njuga. Nilitaka nisikie anaitwa nani."

Masanja akasema kwa sauti ndogo, "Luhende."

"Mimi nina wafu wengi kwenye nyimbo zangu. Nikishaanza kumwita mmoja, siachii njiani, hata nibaki na mpiga ngoma wangu tu. Watu waliwakimbia, sawa. Watu wana miguu, watarudi na wataondoka tena. Huyu mama mmemwita, akaja, mkamwacha mlangoni."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angetuchapa.

Shabani, machozi yanamlenga, akaanza kuchomeka nyaya upya. Mafuta yalikuwepo. Masanja akarudi kwenye kiti chake, akasema, "Mayo, keti, tunaipiga sasa hivi. Yako peke yako."

Mama Luhende alikuwa ameshasimama, anakung'uta kitenge. "Acheni, wanangu. Mmechoka."

"Hatujachoka, mayo."

"Nilikuwa nimejiandaa," akasema, taratibu kabisa, kama mtu anayeeleza kwa nini hanywi chai. "Tangu asubuhi nilijiandaa kulia. Sasa imepita. Ng'ombe nao wanarudi." Akatushukuru, ndiyo, akatushukuru. Akaondoka, na Masanja akamsindikiza, tukabaki na jenereta linanguruma bure.

Albamu tuliirekodi baadaye, Kahama. Masanja aliipiga sehemu ya nne mara moja tu, bila kurudia, kisha akaziweka fimbo zake chini na mbele ya watu hajapiga tena. Mama yake ameiweka kwenye simu. Nikipita kumsalimu namuuliza, ananijibu, "Nitaisikiliza, mwanangu, siku yake ikifika." Haijafika. Simuulizi mara kwa mara siku hizi.

Sasa umekuja unaniambia wenzako wanataka muukate wimbo wenu, mbakize kipande cha kuchezea kwenye simu, kwa sababu watu hawana subira. Ni kweli hawana. Sitakudanganya kwamba ukiupiga wote watakupenda. Huenda ukabaki na wachungaji. Mimi nakuuliza swali moja: humo ndani mmemwita nani? Kama hamkumwita mtu, kata unavyotaka, hakuna atakayeumia. Lakini kama kuna jina, na mwenye jina ana mtu wake aliyekuja kulisikia, upige mpaka ulitaje. Ukishalitaja ndipo uwape watu wa redio haja yao. Na ulitaje siku hiyo hiyo, kwa sababu moyo wa mtu aliyejiandaa hauwashwi kwa jenereta.

Nenda sasa, wenzako wanakungoja. Mungu akupe vidole vyepesi na shingo ngumu kuliko yangu. Akupe marafiki watakaobaki kwenye mapigo yako. Na yule uliyemtungia, Mungu amfikishe salama, amkalishe mbele, naye akukute bado unapiga.