Shimo Ambalo Kiini Kipya Hakikuonyeshwa

— Siku mutaniona miye Moustapha nafinya bouton juu ya kuzima mashine yenye inakatala, siku ile mukuye munikute ku kiti ya bibi yangu Feza, nauzisha vitumbua!

Aliyasema hayo kwenye arusi ya binamu yake Chadia, huko mtaa wa Hewa Bora, baada ya kunyakua maikrofoni iliyokuwa ya kutangaza zawadi. Ukumbi mzima ulipiga vigelegele. Feza, ambaye kila asubuhi hukaanga vitumbua mbele ya karakana ya mumewe kule Katuba, hakupiga. Alitoa simu akamrekodi.

Moustapha ni fundi wa kompyuta. Babu yake alitoka Maniema na cherehani moja, baba yake akairithi cherehani, yeye akarithi mdomo. Mashine kuu ya shule moja ya sekondari mtaani, ile inayotunza alama za wanafunzi wote, ilikuwa mikononi mwake na ilikuwa imemaliza siku mia nne bila taa yake kuzimika, kwa nguvu ya betri nne alizozipanga chini ya meza. Siku hizo alizitangaza kila alipopita, hata kwa watu waliomuuliza njia tu.

Lakini mashine hiyo ilikuwa na siri. Barrette mojawapo, kile kipande chembamba cha kumbukumbu, aliyoinunua mpakani Sakania kwa mtu mwenye haraka, ilikuwa imeoza mahali padogo. Fundi mwingine angeitupa. Moustapha aliongeza sentensi moja katika maagizo ya kuwasha: pale pasiguswe. Basi kiini cha mfumo, ile noyau inayozigawia programu zote nafasi katika kumbukumbu, kikawa kinapita pembeni siku zote, kama wapangaji wa parcelle, ua mmoja wa nyumba, wanavyolizunguka shimo la choo cha zamani lililofunikwa kwa bati.

Na kwetu Katuba, mpangaji akihama humtembeza anayeingia. Hapa bomba, huu mlango unakwama, hapa chini kuna shimo, usikanyage. Hata waliogombania kamba ya kuanikia nguo hufanya hivyo. Ni aibu mwenzako kutumbukia katika shimo ulilolijua.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Moustapha akaamua kuweka kiini kipya. Njia ya watu wote ni kuzima na kuwasha. Njia yake ni kuruka: kiini cha zamani kinamwingiza mgeni, kinamkabidhi nyumba, kinatoka, na taa haipepesi hata jicho. Sababu ya haraka haikuwepo. Sababu ya kiburi ilitosha kwa wawili. Madame Christiane, mkuu wa masomo, alikuwa amesimama nyuma yake.

— Papa Moustapha, bazazi banakuya saa munane. Bulletins za alama zitatoka?

— Madame, meza mate mara mbili tu, itakuwa imeisha.

Akameza mara mbili. Kioo kikaandika mistari ishirini na kitu, kisha kikaganda. Kibodi kikawa kama ubao wa kukatia nyama. Madame Christiane akapiga picha ya kioo kwa simu yake, kwa ushahidi.

— Nimeze tena?

Dawa ilikuwa moja, na hata mimi na nusu ya diploma yangu naijua: bouton. Moustapha aliitazama kama mbuzi anavyotazama kisu.

— Madame, finya weye.

— Apana. Video ya arusi niliiona. Kidole yangu njo iliapa?

Ndipo akapata wazo. Umeme wa pale hukatika kila siku saa tano, bila kukosa. Akazichomoa betri zake nne, ili umeme ukikatika mashine izimike bila kidole chake, akakunja mikono, akangoja. Mtu wa Katuba akiomba umeme ukatike! Saa tano ikapita. Saa sita ikapita. Balbu iliwaka vizuri kuliko siku zote; hata friji ya kantini, iliyokuwa imesahau kazi yake, ikaanza kutengeneza barafu.

Saa saba akafika Feza na chakula, akamkuta mumewe amepiga magoti, mkono umeshika waya ukutani.

— Baba Najma, unatafuta nini kule?

— Minasafisha.

— Ukiichomoa ile, ni kuzima tu. Ku video ulisema kuzima; bouton ao waya, ni moya.

Madame Christiane akafungua dirisha. Wazazi wa kwanza walikuwa tayari kwenye foleni, wamevaa vizuri.

— Beko pale, papa. Chagua: batoto ao kidole.

Moustapha akafumba macho, akafinya.

Mashine ikazimika, kisha ikaamka na kiini chake cha zamani, salama, kana kwamba haikumfanyia mtu kitu. Akaomba ile picha ya ushahidi, akalinganisha ramani mbili za kumbukumbu: ile ya mashine iliyoamka na ile ya kiini kipya iliyoganda kwenye picha. Katika ramani ya kiini cha zamani, pale palipooza paliandikwa kwamba pamehifadhiwa. Katika ya kiini kipya, palepale paliandikwa: pazuri, tumia. Mgeni hakupewa maarifa ya mpangaji, alipewa mchoro wa mwenye nyumba, ule wa BIOS, programu ya kiwandani inayoiamsha mashine, ambayo haijui lolote kuhusu soko la Sakania. Sentensi ya kuonya ilibaki katika maagizo ya zamani. Ya kiini kipya Moustapha aliyaandika upya kwa mkono, mafupi, yapendeze.

Akairudisha sentensi. Akaruka tena. Mgeni akaingia, akalizunguka shimo, taa haikupepesa. Saa nane kasoro robo bulletins zilikuwa zinatoka kwenye printa zikiwa na joto.

— Mumeona? Aiyazimika!

— Hii ya pili, ndiyo, akasema Feza, huku anafungua aproni yake taratibu.

Kesho yake alfajiri Moustapha alikuwa kwenye kiti, aproni imembana tumboni, anageuza vitumbua kwa bisibisi mpaka Feza alipomnyang'anya na kumpa kijiti. Video anaionyesha mwenyewe kwa wateja, bila malipo. Kitumbua kimoja ni faranga mia mbili.