Chevda ya Iddi

Juzi Kariakoo nilimwona mama mmoja akichanganya chevda kwenye beseni: pepeta za mchele za kukaanga, karanga, zabibu kavu, chumvi, sukari na bizari. Harufu ya bizari hiyo ikanirudisha jikoni kwa Bibi, alasiri moja kabla ya Iddi.

Bibi alikuwa amefunga. Mimi nilikuwa bado mdogo, sijaanza kufunga. Alichanganya taratibu kwa mkono, karanga zikigongagonga sinia, kisha akanitilia kidogo kiganjani.

"Nionjee, mjukuu wangu. Sukari imekolea?"

Ilikuwa imekolea vizuri kabisa. Ila nilijua nikisema bado, nitapewa nyingine.

"Bado, Bibi."

Akaongeza sukari, akanipa tena. Nilisema bado mara nne. Kwa akili yangu ya wakati ule, hakuna kitu kinachoharibiwa na sukari.

Siku ya Iddi wageni walichota mara moja tu kwenye bakuli la chevda mezani, wakageukia chai. Bibi akaonja, halafu akawaambia, "Mnisamehe. Mkono wangu umezeeka."

Wageni walicheka, nami nikacheka nikidhani anatania. Nilikuwa nimekaa karibu na miguu yake, nikilamba sukari vidoleni.

Iddi iliyofuata bakuli lilikuwa lilelile, mezani palepale. Nilichota, nikamwambia upesi kabla hajaniuliza, "Imekolea, Bibi. Tamu kweli."

"Ya dukani hiyo," akasema, akaendelea kupanga vikombe.