Mishipa Ambayo Fundi Hakuelezwa

Fundi wa viatu wa pale Mbotela ametutoka, na mimi nimerudi kutoka mazishini nikiwa na kinyaa zaidi kuliko machozi. Alikuwa jirani yangu, mtu wa maneno machache. Alianza kukojoa damu bila maumivu yoyote, akanyamaza, kwa sababu kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga mwanamume akikojoa damu haulizwi anaumwa wapi, huulizwa alilala wapi. "Fundi, punguza hao madem," kijana mmoja alimtania, na watu wakacheka karibu na mkewe.

Mkewe ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari alisema kwa haraka, mkono ukiwa tayari kwenye kitasa cha mlango, kwamba kibofu kina uvimbe ulioota mishipa mingi, warudi wiki hiyo hiyo. Fundi alishika neno moja. Kwetu mshipa ni ngiri, ile inayowasumbua wazee chini ya kitovu. "Ni mshipa tu, mama watoto. Hata baba alikuwa nao." Badala ya kurudi hospitali, akaenda kwa muuza dawa za miti kule Huruma. "Mshipa? Huo nautoa bila kisu, mzee wangu," akaambiwa, akapewa chupa ya kwanza, kisha nyingine, na nyingine.

Mkojo ulipozibwa na mabonge ya damu, mimi na mkewe tulimrudisha hospitali. Safari hii daktari aliketi. Alieleza kwamba uvimbe ule ni saratani, na saratani haikui bila chakula, kwa hiyo hujiotea mishipa yake ya damu. Ikiwa mingi hivyo, mara nyingi saratani ni kali, na hupitia humo humo kwenda kwingine. Sasa ilikuwa imeshatoka nje ya kibofu.

"Kwa hivyo si ule mshipa wa wazee?" fundi aliuliza.

"Siyo ule, mzee."

"Ungeniambia hivyo siku ile."



Yule wa Huruma alikuja matangani, akala nyama, akawaeleza waombolezaji kwamba mshipa ulikuwa umekomaa. Mjane akamuuliza taratibu, "Mshipa upi?" Yule muuza dawa akaendelea kutafuna.

Mimi sikusoma sana, lakini hili naliona wazi. Damu kwenye mkojo si jambo la kuchekea, hata kama haiumi. Na daktari akitamka neno ambalo unadhani unalijua, usimwache atoke mlangoni kabla hujamuuliza swali la yule mjane.