Mwali Katika Mchezo wa Kiingereza

Nilianza kufundisha Kiingereza nikiwa na elimu ya darasa la nane na mafunzo ya miezi michache. Kiingereza chenyewe nilikijua kwa kusoma kuliko kwa kusema. Shule yetu ilikuwa upande wa Mahurunga, vyumba vitatu vya udongo, na darasa la tatu lilikuwa la mchanganyiko: watoto wa wakulima wa korosho wa pale pale, na wa familia zilizovuka Ruvuma kukimbia vita. Wengi wao hata Kiswahili walijifunzia shuleni. Sasa mimi niwaongezee lugha nyingine.

Vitabu vya picha vilikuwa vinne tu kwa darasa zima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na nyumba inayotoa moshi juu ya paa, na mama amesimama mlangoni. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, nyumba inaungua, mbona huyu mama anacheka?" Nikasema kwao Wazungu ni baridi, wanakoka moto ndani. Nilibahatisha tu.

Kwa kuwa vitabu havikutosha, nikageukia michezo. Rangi nilizifundisha kwa mabibo ya mikorosho, mekundu na ya njano, mpaka siku moja nilipogeukia ubao na somo likaliwa lote. Mchezo walioupenda zaidi ulikuwa wa amri. Watoto wanasimama duara, naita jina la mmoja, namwamuru kwa Kiingereza: kaa, simama, ruka, piga magoti. Anayekosea anatoka. Kasoro yake niliiona mapema, maana anayekosea ndiye anayehitaji kujifunza, naye ndiye anayetolewa kwanza. Niliendelea nao hivyo hivyo kwa sababu watoto walifurahi, na mimi nilipenda kusifiwa na mwalimu mkuu.

Hodari wa mchezo ule alikuwa msichana mmoja wa familia zilizovuka mto, aliyelelewa na bibi yake. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi, maana alichelewa kuanza shule. Likizo ya mwisho wa mwaka bibi akampeleka unyagoni. Shule ilipofunguliwa, wakiwa sasa darasa la nne nami nimepanda nao, alirudi kichwa kimenyolewa, mwili unang'aa mafuta, ana jina jipya.

Kwetu mwali akishatoka, jina la utoto linaachwa huko huko. Kumwita kwa lile la zamani mbele za watu ni tusi, ni kumwambia bado hajakua. Tena mwali harukiruki na watoto ambao hawajachezwa unyago. Haya niliyajua. Hata mimi nilichezwa, na jina nilipewa.

Lakini siku ya pili ya masomo nikawapanga duara, nikafungua rejista, nikamwita kwa jina la zamani lililoandikwa mle, nikamwamuru aruke kwa mguu mmoja.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa nafikiri nini. Naona nilidhani mambo ya Kiingereza ni ya shuleni tu, hayahesabiki nyumbani. Na niseme kweli, nilitaka nianze na hodari wangu ili darasa lichangamke.

Mvulana mmoja wa nyuma akasema, "Haya ruka, mtoto!" Wakacheka. Msichana akachukua vitu vyake akatoka. Daftari langu la siku ile linasema "amekimbia." Si kweli. Alitembea, tena polepole.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa. Mwalimu mkuu akasema, "Wakishachezwa ndivyo walivyo, shule basi." Ningeweza kuyaacha maneno yale yanifunike. Nikamwambia kosa ni langu.

"Basi nenda ukalirekebishe," akasema.

Nilimkuta bibi anamenya mihogo uani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Umemfuata nani? Maana yule unayemwita wewe hapa hayupo. Tulimwacha porini."

Nikalitaja jina jipya.

"Kumbe unalijua!"

"Nimeuliza njiani, bibi."

"Na siku ile?"

"Siku ile sikuuliza."

Akaendelea kumenya. "Mwanangu, kwani wewe hukuchezwa?"

"Nilichezwa."

"Wapi, kwa Wazungu?"

Ndani ya nyumba mtu akacheka, akajizuia. Nikajua msichana yupo na anasikia.

Bibi akaniambia yuko mtu ameleta posa. "Shule siikatai. Mwanangu wa kiume alisoma huko kwa Wareno, akawa anawasomea watu barua zao. Lakini kama kwenu mjukuu wangu atakuwa mtoto tena, bora aende kwa mumewe akaheshimiwe."

Nilimwona yuko sawa kwa jambo la heshima, ingawa kwa jambo la mume sikumwona sawa. Nikasema kwenye mchezo ule yuko mmoja asiyeruka, yule anayetoa amri.

"Ni nani huyo?"

"Mimi."

"Basi awe yeye. Na wewe?"

"Nitaingia duarani." Nilijibu kabla ya kufikiri.

"Nitakuja kuona," akasema.

Asubuhi wakaja wote wawili. Rejista sikuruhusiwa kuibadilisha, kwa hiyo nikabandika karatasi juu ya jina la zamani na kuandika jipya. Nikaliita kwa sauti. Msichana akasimama mbele, kitabu mkononi, bibi yake mlangoni. Alianza na yule mvulana wa nyuma. Alimwamuru aruke, akamkalisha, akamwamuru aruke tena, mpaka mvulana akalalamika, "Mwalimu, huyu ananionea!" Nami sikuwa mwalimu tena wakati ule.

Kisha akanigeukia. "Ticha, nili dauni."

Watoto wakaniangalia. Nikapiga magoti kwenye vumbi. Hata leo sijui kama nilifanya vizuri, maana baadaye wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba mwalimu hampigii mtoto magoti, na hoja yao ilikuwa na uzito.

"Kamwambia nini?" bibi akauliza.

"Apige magoti," watoto wakamjibu.

Akanitazama kidogo. "Haya, mwambie ainuke, asichafue nguo."

"Stendapu, ticha."

Nikasimama. Bibi akajifunga kanga vizuri, akamwambia mjukuu wake kwamba akitoka apitie shambani, akaondoka. Jioni nikasikia kwamba yule wa posa ameambiwa asubiri mpaka mtihani wa darasa la nne uishe. Siandiki kwamba alikataliwa, kwa sababu bibi hakusema hivyo. Alisema asubiri.