Mlango wa Mkwe

Kuchora nyumba nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na kwa kupima nyumba za watu. Chuo kilipoanza kuniletea wanafunzi wa usanifu majengo hapa Kyela kwa mafunzo ya vitendo, niliwapa utaratibu niliouamini: kabla hujachora ukuta, jua nani atakutana na nani, na wapi.

Binti mmoja kutoka Mwanza nilimpa kazi ya kuchora nyumba ya mzee mgane wa Makwale, mkulima wa kakao. Mwanawe na mkewe walikuwa wanajenga ili waishi naye. Matofali yalikuwa yameshachomwa, na msingi ulipaswa kuchimbwa kabla ya mvua. Bila ramani iliyokubaliwa na wenye nyumba, binti asingepata alama zake.

Ramani yake ya kwanza ilikuwa na mlango mmoja wa mbele, sebule, na korido moja ya vyumba vyote. Mzee aliifuata korido kwa kidole.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante, ni nzuri. Sasa mkwe wangu atapita wapi?"

Kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawapishani mlangoni. Mimi nilikulia Ikolo, humu humu Kyela, nikadhani mambo hayo yamekwisha. Binti akachora upya: ukuta katikati, na mlango wa mkwe nyuma.

Tukarudi. Mzee alikaa mbele ya nyumba ya zamani. Mkwe, nesi wa zahanati, alisimama nyuma ya nyumba hiyo, asionekane. Binti akawa anazunguka nyumba na karatasi yake.

"Mwambie baba," mkwe alisema, kwa sauti ambayo baba aliisikia vizuri, "nusu ya matofali ni mshahara wangu. Nipite uani kama mwizi wa kuku?"

Mzee alingoja binti afike na amwambie yote upya.

"Mwambie sikusema mwizi. Nimesema heshima."

"Mwambie heshima yangu ninayo hata nikipita mbele."

Binti alinijia akihema. "Mwalimu, nichore ipi?"

Utaratibu wangu ulionyesha nani atakutana na nani; haukusema nani ampishe mwenzake. Kila nilipomsikiliza mmoja, nilimwona ana haki, mpaka aseme mwingine.

Mwishowe mzee akasema, "Basi apite mbele. Mimi nitakohoa kabla sijatoka chumbani."

Mkwe akajibu kutoka nyuma ya nyumba. "Muulize, na akiwa na mafua nitajuaje?"

Mzee alicheka huku ameziba mdomo, mkwe asimsikie.

"Mwalimu, kikohozi nakichora wapi?" binti aliuliza.

Nikamwambia akunje korido mbele ya chumba cha mzee, ili mtu asikike kabla hajaonekana. Wote wawili wakakubali, msingi ukachimbwa, naye akapata alama zake. Hata leo sijui kama tulisanifu nyumba au tuliahirisha ugomvi.

Nikipita Makwale huwasalimia. Juzi nilimsikia mzee akikohoa ndani, mara ya pili, mara ya tatu. Nilisimama barazani nikingoja. Hakuna aliyetoka, na mkwe, aliyekuwa akifagia karibu nami, hakuinua kichwa.

"Anaumwa, au anataka kutoka?" nikamuuliza.

"Sijui," alisema. "Nami nasikiliza."