Usiku Niliopima Baridi ya Mwezi

Nikisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye nguo za mtu, iwe ndani ya basi au kanisani, moyo wangu unajifunga. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya baba yangu. Papa, ndivyo tulivyomwita, alivua chisense, vidagaa vyeupe vya ziwa Mweru, na chisense huvuliwa gizani: unawasha taa ya presha juu ya maji, wenyewe wanaikimbilia. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, basi wanaume wa ufukwe wetu wa Nchelenge, upande wa Zambia, walikaa nchi kavu siku kadhaa, wakinuka mafuta na kubishana. Mawee, mama yangu, watu wale walijua kubishana!

Tulikuwa tumevuka kutoka Kilwa ya Kongo, miaka ya tisini inaelekea kwisha, tukikimbia vita. Dukani nilisema Kibemba, nyumbani Kiswahili chetu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Ilunga alikuwa na mitatu, na hakujua kunyamaza: aliimba, aliiga jogoo, aliiga pasta, alimwiga Mama akigombeza.

Ubishi ulioniponza ulikuwa huu. Papa alisema mwangaza wa mwezi unaleta baridi. "Gusa muchanga ya kwenye mwezi, kisha gusa ya chini ya kibanda. Utaona." Mdogo wake, ambaye sisi watoto tulimwita Papa Mudogo, na ambaye alifika sekondari kabla vita haijamkatiza, alicheka sana, akimwita yaya, yaani kaka yake mkubwa. "Yaya, mwangaza haiwezi kuleta baridi. Ile ni hadisi ya bazee tu."

Nikasema mimi nitapima. Sijui nani alinituma. Nilijaza maji ya ndoo moja kwenye vikombe viwili vya bati, kimoja nikakiweka mchangani peupe, kingine chini ya kibanda cha majani, nikakaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Papa Mudogo akamfunga Papa macho kwa kitenge cha Mama asije akadanganya. Papa akachovya kidole huku na huku, akataja kikombe cha mwezi kuwa ndicho baridi. Tukavibadilisha, akakitaja tena. Mara tatu! Wavuvi wote wakapiga kelele. Papa akaninyanyua juu: "Huyu njo doktere yangu ya mwezi!" Sikuwahi kuonewa fahari namna ile. Wasichana kwetu tulisifiwa kwa kuparua samaki, basi.

Papa Mudogo hakukasirika. Aliniambia tu pembeni, "Bon. Mwezi ikikufa, pima tena. Kama ni mwezi inaleta baridi, siku ile vikombe vitakuwa sawa."

Nilipima. Wanaume walikuwa ziwani, anga imejaa nyota tupu, nami niko na vikombe vyangu. Kile cha peupe kilikuwa baridi kuliko cha kibandani, vilevile kabisa. Nikachovya kiwiko, kama Mama alivyopima maji ya kumwogesha Ilunga. Vilevile. Nilielewa papo hapo, msidhani sikuelewa: mwezi haukuhusika hata kidogo. Nikamwaga maji. Asubuhi Papa Mudogo aliponiuliza mbele ya Papa, nilijibu, "Vilikuwa sawa." Papa akampiga mdogo wake mgongoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilijiona nimempa baba yangu zawadi.

Mwezi ulipojaa tena, Mama alikuwa amevuka kwenda Kilwa kwenye kilio cha bibi. Jioni Ilunga akashikwa na homa, mwili unachoma. Papa Mudogo akasema, "Yaya, tumupeleke ku kliniki sasa hivi." Kliniki ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu. Papa akatandika mkeka nje peupe, akamlaza, akamvua shati. "Mwezi itamutoa moto. Mutoto alishapima." Kisha akanigeukia. "Si njo vile?"

Hapo ndipo ningesema. Papa Mudogo alikuwa akinitazama mimi tu. Nikakubali, "Njo vile, Papa."

Na ngozi yake ikapoa kweli! Papa aliweka kiganja kwenye paji lake la uso kila mara, akafurahi: "Unaona? Moto inatoka." Hata Papa Mudogo akagusa, akakaa mkekani. Ilunga alinyamaza, tukadhani amelala. Alfajiri akaanza kutetemeka mwili mzima, macho yamegeuka meupe. Nilimfunga mgongoni nikakimbia kliniki mbele ya wote, pekupeku, nikililia jina lake.

Hakufa. Malaria ilikuwa imepanda kichwani, walituambia, na ilimwachia uhai ikachukua masikio. Jogoo na pasta tukawa hatuwasikii tena pale nyumbani. Mama aliporudi alimwita kutoka mlangoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi nilijificha nyuma ya kibanda.

Ukubwani ndipo nilipojifunza kwamba kitu kilicholala wazi chini ya anga safi hupoteza joto lake kwenda juu, mwezi uwepo usiwepo, na kwamba paa hulizuia. Ngozi ya mtoto inaweza kupoa hivyo huku ugonjwa unamla ndani. Hilo la anga halinisumbui. Linalonisumbua ni kwamba niliamini uongo wangu ni mali yangu, kwamba utakaa pale nilipouweka. Papa alikufa akiamini mwezi ulijitahidi. Papa Mudogo alikufa akijilaumu kwa nini hakumnyang'anya kaka yake mtoto yule. Ningeweza kumpunguzia mzigo huo kwa neno moja, na miaka ilikuwepo mingi. Sikumpunguzia.

Ilunga bado yuko Nchelenge, anatengeneza nyavu. Ana watoto wanne. Nikienda kumtembelea huwakusanya, na kwa mikono huwasimulia jinsi shangazi yao alivyomwokoa: anajipiga mgongo, anakimbiza vidole viwili hewani, ananionyesha mimi, kisha anaweka kiganja kifuani kwake. Watoto wanageuka kunitazama kama wanavyotazamwa watu wema. Nami huitikia kwa kichwa. Kila mara naitikia.