Fundi Viatu na Penalti ya Nahodha

Fundi viatu wa pale kona huongea huku misumari midogo ameibana midomoni, na kila akimaliza soli huipapasa taratibu kama anayepima homa ya mtoto. Mjane wa nahodha wa zamani wa timu ya mpira ya mji hupenda kungojea kiatu chake palepale kwenye benchi, mguu mmoja peku, mkoba magotini. Jana dereva mmoja aliyeleta sandali aliibua tena habari za msimu ule timu yao ilipotolewa nusu fainali ya Kombe la Taifa kwa penalti ya mwisho.

"Nahodha alikula mlungula, bwana! Mtu mzima anapaishaje mpira vile?"

Mjane alinyoosha mgongo. Fundi akatema misumari yote kiganjani, jambo asilolifanya kwa mteja yeyote.

"Viatu vya timu nilivitunza mimi. Mvua ilinyesha mapumziko, meno marefu ya soli ninayo mfukoni, nikaona uvivu kumbadilishia nahodha. Akateleza. Mkewe ndiye huyo uliyekaa naye."

"Nisamehe, mama, sikujua. Kumbe mzee ndiye uliyetutoa!"

"Ndiye mimi. Waambie na abiria wako."

Mjane akavua kiatu cha pili, kizima kabisa, akampa fundi akitazame nacho.